Toleo la Zamani Linapotupwa Mkono: Habari za Lugha ya Python

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni)

  

Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Vyombo navyo vina historia. Jembe lina historia, cherehani ina historia, na kompyuta, ingawa umri wake ni mfupi, ina historia yake pia. Leo tutazungumza habari za lugha moja inayotumiwa kuiamuru kompyuta. Lugha hiyo inaitwa Python. Ilikuwa na toleo la zamani, likaja toleo jipya, na watu wakaambiwa wahame. Uhamaji huo ulichukua zaidi ya miaka 11.

Labda utauliza: “Mimi si mtunga programu. Habari hizi zanihusu nini?” Zakuhusu sana. Siku hizi hesabu za chama cha ushirika, kadi za wagonjwa, na fedha zinazotumwa kwa simu, zote huwekwa ndani ya kompyuta. Huenda wewe ni mjumbe wa kamati. Siku moja katibu atakuja kusema: “Programu yetu ya hesabu ni ya zamani. Inafanya kazi vizuri, lakini zinatakiwa fedha za kuihamisha.” Wajumbe watatazamana. Mmoja atasema: “Kama inafanya kazi, tuihamishe kwa nini?” Swali hilo ni la haki, na historia ya Python inalo jibu lake.

1. LUGHA YA PROGRAMU NI NINI?

Kompyuta ni mtumishi mtiifu, lakini haijui kujiongoza. Hufanya lile iliyoamriwa tu. Amri hizo zikipangwa moja baada ya nyingine huitwa programu, nazo huandikwa kwa lugha maalumu yenye sarufi yake, kama Kiswahili kilivyo na sarufi yake. Tofauti ni hii: mtu akisema “kitabu yangu” badala ya “kitabu changu,” tutamcheka kidogo, lakini tutamwelewa. Kompyuta haicheki wala haisamehi. Alama moja ikipungua, yaweza kukataa kazi yote.

Lugha ya programu husahihishwa na kuongezwa kadiri miaka inavyopita. Kila inapotolewa upya hupewa namba. Hilo ndilo tunaloita toleo, kama vile kitabu cha shule kinavyotolewa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Jambo jingine la kukumbuka: mtunga programu hafanyi kila kitu kwa mikono yake. Seremala hafui misumari wala bawaba. Huzinunua dukani, akaja kuunda mlango. Vivyo hivyo mtunga programu huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na wenzake. Katika somo hili tutaviita vifurushi. Kifurushi kimoja hupiga hesabu kubwa, kingine hutengeneza kurasa za intaneti. Kila kifurushi nacho hutegemea toleo fulani la lugha. Tafadhali shika neno hili “kutegemea,” maana ndilo kiini cha somo la leo.

2. CHANZO CHA PYTHON

Mwezi wa Desemba 1989, katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi, mtaalamu mmoja aitwaye Guido van Rossum alianza kutunga lugha mpya wakati wa likizo ya Krismasi. Alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya hisabati na kompyuta iitwayo CWI. Alitaka lugha ambayo mtu akiitazama ataisoma bila taabu. Akaipa jina la Python. Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni chatu, lakini van Rossum hakuwa akifikiria nyoka. Alilitoa katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza ulioitwa Monty Python's Flying Circus.

Mwezi wa Februari 1991 aliitoa kwa watu. Haikuuzwa. Mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuitumia na kuisahihisha. Tarehe 16 Oktoba 2000 likatoka toleo la pili, na hilo ndilo lililoenea sana: katika vyuo vikuu, katika maabara, na katika makampuni makubwa ya intaneti. Watu wakaandika programu nyingi mno kwa toleo hilo, na wengine wakatengeneza vifurushi juu yake, na wengine tena wakatengeneza vifurushi juu ya vile vifurushi. Ikawa kama nyumba ya ghorofa, kila chumba kimelalia kile kilicho chini yake.

3. KWA NINI LILIBADILISHWA?

Python ya pili ilikuwa na kasoro zilizokaa katika msingi wake. Tutazame mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya herufi. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Kwa hiyo kila herufi hupewa namba yake. Katika miaka ya 1960 Wamarekani walipanga orodha ya alama 128, ikawatosha kwa Kiingereza. Kiswahili chetu cha herufi za Kirumi kilipita humo bila taabu, kwa kuwa hakiweki alama juu ya herufi. Lakini Kifaransa hakikuenea, Kichina hakikuenea, Kiarabu hakikuenea. Wala hakikuenea Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ambacho wazee wetu wa pwani walikitumia kuandikia barua na tenzi.

Chukua neno “salaam” kwa herufi za Kiarabu: sini, lamu, alifu, mimu. Ni herufi nne. Katika mtindo uliozoeleka wa kuhifadhi, kompyuta huiweka kila moja ya herufi hizo katika visanduku viwili. Basi ukiiuliza Python ya pili, “Neno hili lina herufi ngapi?” kwa kawaida ilijibu: nane. Ilihesabu visanduku, haikuhesabu herufi. Ili kupata jibu la kweli, mtunga programu alipaswa kukumbuka kuweka alama maalumu kila mahali. Aliposahau, majina ya watu yalitoka yameharibika, au programu ilisimama katikati ya kazi.

Kasoro ya pili ni ya kugawanya. Ukiiambia Python ya pili igawe 7 kwa 2, ilijibu 3. Nusu iliyobaki iliitupa, wala haikusema neno. Sasa fikiri magunia 7 ya mahindi yanagawiwa watu wawili. Kila mmoja anapata magunia 3, na gunia moja limepotea njiani, wala mwizi hayupo. Wataalamu waliijua tabia hiyo, wengine hata waliitegemea, lakini wanafunzi wengi walinaswa nayo. Python ya tatu hujibu 3.5.

Yalikuwapo na mabadiliko madogo. Mathalan, amri ya kuandika maneno kwenye kioo, iitwayo print, sasa ilidai mabano. Ni jambo dogo, lakini karibu kila programu ilikuwa na amri hiyo, kwa hiyo karibu kila programu ya zamani ilikataliwa na toleo jipya.

Van Rossum na wenzake waliona kwamba msingi uliopinda haunyooshwi kwa kupaka chokaa ukutani. Wakakata shauri kutoa toleo lisilopatana na lile la zamani. Tarehe 3 Desemba 2008, Python ya tatu ikatoka.

4. UHAMAJI UNAKWAMA

Je, watu walihamaje? Mwanzoni walipewa mashine ya kutafsiri iliyoitwa 2to3. Kazi yake ilikuwa kuisoma programu ya zamani na kuitoa kwa sarufi mpya. Mpango ulionekana mwepesi: kila mtu atatia programu yake upande huu, itoke upande wa pili imekwisha hama.

Haikuwa hivyo. Mashine ile iliweza kuongeza mabano. Haikuweza kujua nia ya mtu. Ulipoandika 7 kwa 2, ulitaka 3 au ulitaka 3.5? Visanduku hivi vina herufi za jina la mtu, au ni vipande vya picha? Mwandishi pekee ndiye aliyejua, na pengine mwandishi alikwisha acha kazi miaka mingi.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa kule kutegemea. Mwenye programu alisema: “Siwezi kuhama mpaka vifurushi ninavyotumia vihame.” Mwenye kifurushi akajibu: “Nihame kwa nini, na watu wangu wote wako katika toleo la zamani?” Kila mmoja akamngoja mwenzake, kama wageni wawili waliokutana mlangoni, huyu anasema “tangulia wewe,” na yule anasema “la, tangulia wewe.” Mlango umejaa, na hakuna anayeingia.

Tena walikuwapo waliosema: “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Tusiwadharau watu hao. Walikuwa na programu zilizojaribiwa kwa miaka, zikifanya kazi kila siku. Kuhama kulitaka fedha na muda, na mwisho wa taabu hiyo yote programu ingefanya kazi ile ile ya jana. Mtu mwenye akili hukaa akafikiri kabla ya kulipa gharama kama hiyo.

Viongozi wa Python walifanya mambo mawili. Kwanza, waliweka mpaka. Tarehe 3 Julai 2010 walitoa toleo 2.7, na mwaka 2011 wakatangaza kwa maandishi kwamba 2.8 haitatoka kamwe. Pili, waliongeza muda. Ahadi ya kwanza ilikuwa kulitunza toleo la 2.7 mpaka mwaka 2015. Mwaka 2014, katika mkutano wao wa Montreal, nchi ya Kanada, waliona kwamba wengi bado hawajahama, wakausogeza mwisho mpaka mwaka 2020.

Lakini muda peke yake hauhamishi mtu. Kilichohitajika ni njia.

5. DARAJA

Njia iliyofaulu ilikuwa daraja. Watu waligundua kwamba si lazima kuruka mto kwa hatua moja. Unaweza kuiandika programu kwa namna ambayo matoleo yote mawili yataisoma. Leo inaendeshwa na la pili, kesho inajaribiwa na la tatu, na kazi haisimami.

Mwaka 2010 kilitoka kifurushi kidogo kilichoitwa six, yaani sita. Kwa nini sita? Kwa sababu 2 mara 3 ni 6. Kazi yake ilikuwa kuziba tofauti kati ya matoleo hayo mawili, ili ukurasa mmoja uweze kusomwa na yote. Kikawa miongoni mwa vifurushi vilivyotumiwa sana.

Viongozi nao walirudi nyuma hatua. Katika Python ya pili watu waliweka herufi u mbele ya maneno yao, kuonyesha kwamba ni maandishi ya kweli wala si visanduku vitupu. Python ya tatu iliikataa alama hiyo, kwa kuwa haikuihitaji tena. Mwezi wa Septemba 2012, katika toleo 3.3, waliikubali tena. Haikuwa na kazi yoyote mpya, ila iliwapunguzia watu mzigo wa kufuta alama hizo mahali pengi. Mwezi wa Septemba 2015, katika toleo 3.5, walirudisha na njia ya zamani ya kupanga maneno ndani ya visanduku, maana wajenzi wa mitambo ya intaneti waliihitaji.

Hapo pana fundisho kwa kila anayeongoza watu. Kutangaza tarehe ni rahisi. Kushuka mpaka mtoni, ukaona watu wamekwama kwenye jiwe gani, ukaliondoa jiwe hilo, ndiko kuongoza.

6. VYOMBO VINAAGA KIMOJA KIMOJA

Daraja lilipokuwa imara, wenye vifurushi walianza kuaga toleo la zamani. Hawakuwa na chuki nalo. Wengi wao walikuwa watu wa kujitolea, na kutunza matoleo mawili ni kama kulima mashamba mawili kwa jembe moja.

Mwezi wa Aprili 2017, chombo cha wanasayansi kiitwacho IPython kilitoa toleo la 6 lililotaka Python ya tatu tu. Desemba 2017, Django, kifurushi mashuhuri cha kujengea kurasa za intaneti, kikafanya vivyo hivyo. Julai 2019 ikafuata NumPy, ambayo vifurushi vingi vya hesabu vimejengwa juu yake.

Angalia jinsi wastaarabu walivyoaga. Wale wa IPython waliogopa jambo moja: mtu mwenye toleo la zamani ataomba kifurushi, atapewa kipya kisichomfaa, na kazi yake itavunjika pasipo yeye kujua sababu. Kwa hiyo mpango ukafanywa wa kubandika lebo juu ya kila kifurushi, kusema kinataka toleo gani. Tangu Novemba 2016, chombo cha kupakulia vifurushi, kiitwacho pip, kiliweza kuisoma lebo hiyo na kumpa mtu wa toleo la zamani kifurushi cha mwisho kinachomfaa. Wenye Django nao waliacha nyuma yao toleo 1.11, wakaahidi kulitunza mpaka Aprili 2020, ili watu wapate nafasi ya kufungasha.

Mwisho, Januari 2021, pip yenyewe ikaaga. Toleo lake jipya halikufanya kazi tena katika Python ya pili.

7. TAREHE 1 JANUARI 2020

Sasa tusimame kidogo penye tarehe hiyo, maana watu wengi hawakuielewa.

Kumbuka habari za noti nchini Kenya. Tarehe 1 Juni 2019 ilitangazwa kwamba noti za zamani za shilingi 1000 zitakoma. Watu walipewa mpaka mwisho wa Septemba kuzibadilisha. Tarehe 1 Oktoba ilipofika, noti hiyo haikuweza kununua hata kiberiti. Kila aliyekuwa nayo mfukoni alijua kwamba imekwisha.

Toleo la zamani la lugha halifi hivyo. Asubuhi ya tarehe 1 Januari 2020, programu za Python ya pili ziliamka zikafanya kazi kama jana yake. Hakuna kengele iliyolia. Tarehe 20 Aprili 2020 likatolewa toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, kama neno la kwaheri. Programu zikaendelea.

Basi kilichokufa ni nini? Kilichokufa ni uangalizi. Kabla ya hapo, mtu alipogundua ufa ambao wezi wa mitandao wangeweza kupenya, walikuwapo mafundi wa kuuziba, na kiraka kilitolewa kwa watu wote. Baada ya hapo, mafundi wale hawakulitazama tena toleo hilo. Ufa ukionekana, utabaki wazi. Mwezi wa Agosti 2019 kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uingereza kiliwaonya watu juu ya hatari hiyo hiyo. Wazee wetu walikwisha onya zamani: “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.”

Hilo ndilo jibu la yule mjumbe aliyeuliza, “Kama inafanya kazi, tuihamishe kwa nini?” Mfano wake ni cherehani ya zamani. Inashona vizuri. Lakini duka limeacha kuuza mkanda wake, na fundi aliyeijua amestaafu. Siku mkanda utakapokatika, utakuwa na nguo za arusi mezani na cherehani isiyozunguka. Tena cherehani ina heri, maana mkanda ukikatika utauona. Ufa wa programu huuoni.

Ardhi nayo iliendelea kupungua. Machi 2022 kampuni ya Apple iliiondoa Python ya pili katika kompyuta zake, ilipotoa toleo 12.3 la mfumo wake wa macOS. Juni 2023 mfumo wa Debian ulitoa toleo la 12 lisilo na Python ya pili. Kampuni ya Red Hat iliendelea kuwatunzia wateja wake waliolipa, katika mfumo wake wa 8, mpaka Juni 2024. Aliyechelewa aliona nyumba ikibomolewa chumba kimoja kimoja, naye yumo ndani.

8. WALIOVUKA SALAMA WALIFANYA NINI?

Kampuni ya Instagram ilivuka katika muda wa miezi kama 10, ikamaliza mwaka 2017, na watu wakaendelea kuitumia bila kufungiwa mlango. Kampuni ya Dropbox ilimaliza kuihamisha programu yake ya kompyuta za mezani mwaka 2018, baada ya miaka kadhaa ya kazi. Makampuni hayo yana mafundi wengi na fedha nyingi. Lakini njia waliyopita ni ile ile ambayo chama kidogo chaweza kuipita. Tuipange kwa hatua.

Kwanza, hesabu ulicho nacho. Andika programu zako zote, na mbele ya kila moja andika vifurushi inavyotegemea na toleo la kila kimoja. Vipo vilivyokwisha hama, na vipo vilivyokufa ambavyo itabidi utafute badala yake. Msafiri asiyejua mizigo yake hujua alichosahau akiwa njiani.

Pili, usiruhusu vyombo vibadilike vyenyewe wakati bado hujawa tayari. Taja kwa namba toleo kamili la kila kifurushi unachotumia, na weka nakala zake mahali salama. Hivyo chombo kikiaga leo, hutaamka kesho ukikuta kazi imesimama.

Tatu, tengeneza majaribio yenye majibu yanayojulikana. Chukua hesabu za mwaka uliopita ambazo zimekaguliwa. Zipitishe katika programu ya zamani, kisha katika mpya. Majibu yakitofautiana hata kwa senti, simama utafute sababu. Hatua hii usiiruke. Amri iliyokosa mabano hupiga kelele, nawe utaisikia. Mgawanyo wa 7 kwa 2 haupigi kelele. Hubadilika kimya kimya, na fedha za watu zimo ndani yake.

Nne, vuka kwa daraja, kipande kwa kipande. Kila kipande kikishavuka, kiandikwe hivyo, ili mwenzako asije akaandika tena kwa sarufi ya zamani. Wote wakishafika ng'ambo, livunje daraja. Kuendelea kutunza njia mbili bila haja ni gharama isiyokwisha.

Tano, kama kweli huwezi kuhama, basi itenge. Mathalan, programu inaendesha mtambo wa kiwanda, na aliyeuunda mtambo hayupo tena. Ikate kompyuta hiyo na intaneti, punguza watu wanaoigusa, na andika tarehe ya kulitazama tena jambo hilo. Huko si kuhama. Ni kukaa ukijua kwamba umekaa.

9. SAFARI NI YA KILA MWAKA

Msidhani kwamba mambo yamekwisha. Python ya tatu nayo ina matoleo ndani yake. Tangu Oktoba 2020, toleo jipya limekuwa likitoka kila mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa muda wa miaka 5. Toleo 3.8 lilitoka Oktoba 2019, likaagwa Oktoba 2024. Lakini safari hizi ni fupi. Aliyehama kila mwaka hubeba kikapu, na aliyengoja miaka 10 atatafuta lori.

Turudie basi kwa ufupi. Python ya pili ilitoka mwaka 2000, ya tatu mwaka 2008. Mashine ya kutafsiri haikutosha, kwa sababu haikujua nia za watu, na kwa sababu kila mmoja alimtegemea mwenzake. Daraja ndilo lililowavusha. Tarehe 1 Januari 2020 programu hazikufa, bali uangalizi ndio uliokoma. Mwenye mbacha alikuwa na haki ya kuupenda mbacha wake. Ila ilimpasa kujua kama bado yuko fundi wa kuushona.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI

Toleo: namna ya lugha au programu kama ilivyotolewa wakati fulani, na namba yake.
Kifurushi: kipande cha programu kilichotengenezwa na mtu mmoja ili wengine wakitumie.
Kutegemea: kushindwa kufanya kazi bila kitu kingine.
Uangalizi: kazi ya kutafuta nyufa na kuziziba.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Python ya pili ilihesabu herufi nane katika neno lenye herufi nne?
2. Noti ya zamani na programu ya zamani zinatofautianaje siku tarehe ya mwisho inapofika?
3. Kati ya kosa linalopiga kelele na kosa la kimya, lipi ni baya zaidi kwa hesabu za chama? Toeni sababu.
4. Mwalimu awagawe wanafunzi makundi mawili. Kundi moja litetee methali ya mbacha na msala, kundi la pili litetee methali ya ufa na ukuta. Kisha darasa liamue: ni wakati gani methali ya kwanza ina haki, na ni wakati gani ya pili?
5. Taja chombo kimoja unachokitumia kila siku. Ni nani anayekitunza, na akiacha, utafanya nini?